Dakika Tano za Kutembea

9 Februari

Mume wangu,

Huna adabu. Nimefungua bahasha yako mbele ya shangazi yako na fundi cherehani wa jirani. Nikawaambia, "Nyamazeni, mwalimu ameandika." Nikavaa miwani. Nikakuta karatasi moja ya masanduku masanduku, na chini yake mstari mmoja: "Bibi, tazama kazi yangu." Basi. Hujambo hakuna, shikamoo hakuna. Marahaba yangu ilikuwa tayari mdomoni, ikabidi niimeze na mate. Fundi cherehani akauliza, "Bibi, hilo ni tangazo la mnada?" Nikaikunja haraka kabla hajauliza bei.

Haya, kwa kuwa wewe hukuuliza, mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika ninapoinuka, nami silisikilizi. Shangazi yako amehamishia jiko nje, sasa moshi unaingia kwangu badala ya kwake. Mjomba wako bado anajenga ukuta uleule wa mwaka juzi. Kila akipanga matofali matatu anakaa kuyatazama. Mke mwenzangu hajambo? Mwambie namwonea huruma. Mimi na wewe ni mume na mke wa mdomoni tu, yeye analala na wewe.

Nasikia umepewa cheo. Mwalimu wa taaluma, mpanga ratiba ya shule nzima. Ningependa kulisikia hilo kutoka kwako, si kwa shangazi yako dirishani.

Usinipigie simu. Kwenye simu sisikii vizuri, na maneno ya simu mtu huyakana kesho yake. Andika. Unieleze karatasi yako inasema nini. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nilipiga kengele ya shule miaka thelathini na mmoja. Vipindi navijua kabla wewe hujaota meno.

Bibi yako

---

27 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya ile iliyokosekana. Naomba radhi. Niliiweka ratiba kwenye bahasha asubuhi nikitoka kwenda kazini, kwa furaha, nikasahau kwamba karatasi haisalimii.

Sisi wazima. Mke mwenzako bado ni muuguzi kwenye wodi ya wazazi, na mwezi huu zamu yake ni ya asubuhi, kwa hiyo tunatoka nyumbani pamoja. Amecheka sana kuhusu huruma yako. Anasema aliihitaji. Pole ya goti, tafadhali ulisikilize.

Ni kweli, nimepewa cheo tangu Januari. Sikutangaza kwa sababu nilitaka kwanza kazi ionekane. Ratiba inasomwa hivi: mistari ya kwenda chini ni siku, masanduku ya kwenda kulia ni vipindi. Kila mwalimu ana namba yake badala ya jina, na mimi ni namba mbili. Herufi zilizo chini ya namba ni chumba: C ni vyumba vya chini, iliko na ofisi yangu, G ni ghorofa ya pili, M ni maabara, ambayo iko peke yake nyuma ya karakana.

Zamani tulikuwa na vipindi vinane vya dakika arobaini, na baina ya kipindi na kipindi dakika tano zinazopotea bure. Ukizijumlisha, ukiondoa pale penye mapumziko na chakula, ni ishirini na tano kwa siku. Mapumziko ya saa nne nayo yalikuwa nusu saa; nimeyafanya robo saa. Ishirini na tano na kumi na tano ni arobaini. Bibi, nimepata kipindi cha tisa bila kuongeza dakika hata moja! Tunaanza saa mbili na kumaliza saa tisa na robo, kama zamani. Mkuu wa shule alinipongeza mbele ya walimu wote.

Kengele yetu ni ya umeme. Imepangwa saa zake, hakuna mtu anayeigusa. Ungeipenda.

Mjukuu wako

---

14 Machi

Mume wangu,

Marahaba, zote mbili. Umeandika vizuri, mstari umenyooka, nimemsomea shangazi yako mara mbili ili aache kusema wewe ni mvivu.

Ukuta wa mjomba wako umeanguka. Hakuna aliyeumia isipokuwa yeye, na yeye ni heshima tu. Saa yangu ya ukutani imetengenezwa, sasa inawahi dakika mbili. Nimeiacha hivyohivyo, afadhali saa iwahi kuliko ichelewe.

Sasa nisikilize. Kengele ya umeme siipendi. Usinipangie cha kupenda.

Karatasi yako nimeitandika mezani. Fundi cherehani amenipa vifungo kumi na vitatu vya makoti, kila mwalimu kifungo chake, nikawa navisogeza kwa saa. Fundi ananiambia, "Bibi, unacheza bao na mtu asiyeonekana." Nikamwambia nenda kashone. Jumatatu, ilipofika saa mbili, nikaviweka vyote mahali pake. Ilipofika saa mbili na dakika arobaini, nikavisogeza. Wengine walisogea kidogo, chumba kwa chumba. Wewe, namba mbili, hukusogea kabisa; vipindi vyako vyote viko C, mlango kwa mlango na ofisi yako. Hongera.

Namba saba ndiye aliyenichosha. Kipindi cha kwanza yuko maabara, nyuma ya karakana. Cha pili yuko ghorofa ya pili. Cha tatu maabara tena. Jumatano hivyohivyo. Ijumaa mara mbili, kabla ya chakula na baada yake. Saa mbili na dakika arobaini anatoka maabara, na saa mbili na dakika arobaini hiyohiyo yuko ghorofani ameshika chaki. Huyo ni mwalimu au popo?

Mimi nilikuwa na kipande cha reli kilichoning'inia kwenye nguzo, na nondo ya kukigongea. Nilipiga mara mbili. Ya kwanza ya kutoka. Ya pili ya kuingia. Mkuu wa shule wa wakati ule alinipa saa ya mkononi akaniambia kati ya moja na nyingine nihesabu dakika tano. Sikuhesabu. Nilisimama nikatazama uwanja. Mpaka mtu wa mwisho awe amevuka ndipo nagonga ya pili. Siku ya mvua dakika sita, siku ya jua kali nne. Miaka thelathini na mmoja hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna aliyechelewa. Kengele si chuma tu, mume wangu, ina mkono wa mtu. Hilo nililijua vizuri mwaka alioondoka mwalimu wa ushonaji. Basi, yameisha hayo.

Nijibu mawili. Nani namba saba? Na kabla yako, ratiba alikuwa anapanga nani?

Bibi yako

---

20 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia. Tulikuwa na mitihani ya kati ya muhula, kisha kusahihisha, kisha mke mwenzako akapata homa ya siku nne. Sasa amepona, ameanza zamu ya mchana, na nyumba ina ukimya mwingi kuliko ninavyopenda. Mpe pole mjomba. Mwambie matofali yapandishwe kwa kamba, si kwa jicho.

Nimefurahi kusikia habari za vifungo. Namba saba ni mwalimu wetu wa fizikia. Wanafunzi wanamwita Mzee Sumaku kwa sababu hakosi sumaku mfukoni. Akikaa, funguo zake zinamganda pajani. Ni mtu mzima, amebakiza mwaka mmoja na miezi michache astaafu.

Kuhusu kutembea, Bibi, walimu wengine wanafika. Ni suala la kujipanga. Mtu akimaliza kufundisha dakika mbili kabla ya kengele, anafika. Ili kuwasaidia, nimeweka daftari la wachelewaji chini ya ngazi. Kila anayepita baada ya kengele anaandika namba yake na saa. Mara tatu anapata barua ya onyo. Mara ishirini jambo linapelekwa kwenye kamati ya nidhamu. Namba saba amefikisha mara kumi na nne. Ninasikitika, lakini daftari haliwezi kumchagua mtu.

Nawe nijibu moja. Nilipompigia shangazi simu nilimuuliza huyo mwalimu wa ushonaji alikuwa nani. Akaniambia anamkumbuka akilia getini siku anahama, na kwamba hujawahi kulizungumza. Aliondoka kwa nini?

Mjukuu wako

---

2 Mei

Wewe,

Marahaba. Nashukuru kwamba mke mwenzangu amepona. Sisi wazima. Habari za nyumbani zimeishia hapo.

Mambo ya mwalimu wa ushonaji hayakuhusu. Na shangazi yako nimemwambia ashone mdomo wake, cherehani iko hapo jirani. Nimekuuliza mawili, umenijibu moja, na la pili umelifunika na swali lako. Huo ni ujanja wa mchuuzi anayekuonyesha nyanya nzuri ya juu. Nauliza tena: kabla yako alikuwa anapanga nani?

Unasema daftari haliwezi kumchagua mtu. Daftari ni karatasi, haliwezi hata kujifungua. Aliyeliweka chini ya ngazi ni nani? Kwa nini si mlangoni kwa ofisi yako, ambako wewe unatoka darasa hili na kuingia lile kama mtu anayehama upande wa kitanda? Nyani haoni nyuma yake, na wewe umekalia ya kwako.

Unasema walimu wengine wanafika. Mimi nimewasogeza wote kwa kidole changu. Hakuna mwingine anayetoka maabara kwenda juu. Ni kifungo kimoja tu, cheusi, na sasa kimeanza kunikera.

Sikiliza unachotakiwa kufanya. Jumatatu toka maabara saa mbili na dakika arobaini. Usitoke mikono mitupu, beba sanduku la vifaa analobeba yeye. Usikimbie, mwalimu akikimbia watoto wanadhani kuna moto. Na kabla hujatoka mlangoni, simama umjibu mwanafunzi mmoja swali moja, kwa sababu yupo siku zote, anakuja na daftari lake wakati chaki umeshaiweka chini. Huyo ndiye aliyeelewa nusu. Ukimwacha, hataelewa tena. Kisha panda. Ukifika juu, tazama saa yako, andika.

Ukimaliza kutembea ndipo uniandikie. Kabla ya hapo sitaki hata salamu.

Bibi yako

---

6 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na goti, na mjomba, na ukuta. Sisi wazima.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilichelewa kutembea. Wiki mbili nilijiambia nina kazi nyingi. Jumatatu iliyopita nikatembea.

Nilimwomba Mzee Sumaku sanduku lake la vifaa, nikamwambia nataka kulihesabu. Akaniachia sanduku na darasa lake la kwanza. Lina vyuma, nyaya na betri, na mpini wake umefungwa kitambaa kwa sababu unakata vidole. Kengele ilipolia, msichana mmoja akanifuata mlangoni akauliza kwa nini taa mbili zikiunganishwa kwa mfululizo zinafifia. Nilijibu nikiwa nimeshasogeza mguu mmoja nje. Akasema, "Sawa, mwalimu," kwa namna ambayo nilijua si sawa. Nikapita nyuma ya karakana, ambako njia ina mchanga, nikavuka uwanja, nikafika ngazini. Ngazi ni arobaini na nne. Pale katikati zinapopinda nililibadilisha sanduku mkono. Juu kabisa, mlango wa mwisho kulia. Dakika saba na sekunde kumi. Nina miaka thelathini na nne, yeye ana hamsini na nane.

Wanafunzi walikuwa wamekaa wakitazama mlango. Mmoja wa nyuma akanong'ona, "Leo kachelewa mwenye daftari." Nilishuka nikaandika namba mbili kwenye daftari, kisha nikakata mstari.

Sasa swali lako. Kabla yangu, kwa miaka kumi na saba, ratiba alikuwa anapanga yeye. Mzee Sumaku. Siku ya kukabidhiana, mbele ya walimu, alinipa penseli yake na kifutio akasema, "Zile dakika tano usizile, kijana. Ni za miguu." Watu wakacheka. Niliona ananifanya mtoto. Nikaziondoa.

Kuhusu chumba cha ghorofani, kulikuwa na nafasi vyumba vya chini. Sikumbuki kama nilifikiri nilipompeleka juu.

Amefikisha mara ishirini na tatu. Kamati ya nidhamu itakaa Ijumaa tarehe 28, saa nane mchana. Wanazungumzia kumhamisha, na kumaliza utumishi wake na onyo kwenye faili. Nimefikiri sana. Muhula ujao nitazirudisha dakika tano kimyakimya, na yeye nitampa vyumba vya chini. Kamati ikishaanza kazi yake si vizuri mimi kuiingilia. Mkuu wa shule aliisifu ratiba hii mbele ya wageni, na nikisema sasa itaonekana kwamba hata yeye alikosea. Nadhani utanielewa.

Mjukuu wako

---

17 Juni

Mume wangu,

Marahaba. Goti halijambo. Mjomba wako ameanza ukuta upya, kwa kamba, kama ulivyosema. Shangazi yako anadai wazo lilikuwa lake. Barua hii nimeituma kwa njia ya haraka, na yule wa posta nimemwambia isipofika kabla ya tarehe 27 nitakuja kukaa kwenye kiti chake.

Sikuelewi. Umeandika "sikumbuki kama nilifikiri". Unakumbuka. Mtu anayekumbuka ngazi arobaini na nne na kitambaa cha mpini hashindwi kukumbuka alichokuwa nacho moyoni siku anashika penseli. Sikulaumu kwa kukikumbuka. Nakulaumu kwa kukificha kwangu mimi, niliyekifanya kabla yako.

Uliniuliza aliondoka kwa nini. Nitakujibu mara moja, wala usije ukaniuliza tena.

Alikuwa mwalimu wa ushonaji, mwanamke mrefu, mwenye sauti. Siku moja napita na ndoo nyuma ya chumba cha walimu, nikamsikia anasema, "Mpiga kengele wetu saa yenyewe hajui kuisoma, anafuata kivuli cha nguzo." Wakacheka. Saa nilikuwa najua kuisoma. Nilijifunza mwenyewe, kwa aibu, nikiwa na watoto watatu. Nikaenda zangu na ndoo yangu.

Chumba chake cha cherehani kilikuwa ng'ambo ya uwanja, na madarasa mengine alifundisha upande huu. Kuanzia siku ile niliwasubiri wote wavuke, isipokuwa yeye. Nikimwona amefika kwenye bomba la maji, nagonga ya pili. Mkuu wa shule alikuwa anasimama barazani na kitabu chake. Alimwandika mchelewaji muhula mzima. Kwa saa, sikuwa nimekosea hata dakika. Dakika tano zilizoagizwa nilizipiga kamili, nikamnyima ile moja au mbili niliyowapa wengine wote. Nani angenishtaki? Nilikuwa sahihi kuliko miaka yangu yote. Ndiyo maana ratiba yako inayoniambia haina kosa hainiridhishi.

Akahamishwa. Siku anaondoka cherehani yake ilikuwa juu ya mkokoteni, naye analia getini, akanipungia mkono, kwa sababu hakujua. Ulikuwa wakati wa kipindi cha tatu. Nikageuka nikagonga kengele ya kuingia.

Baada ya hapo sikumbagua mtu tena. Lakini yeye hilo halikumsaidia.

Nawe unaniambia utazirudisha dakika kimyakimya, muhula ujao, akishakuwa ameondoka na onyo lake. Ni sawa na mimi kuwa mwema baada ya mkokoteni kupita. Usijidanganye kwa ajili ya mkuu wa shule. Mkuu akiona aibu atapona, wakuu hupona haraka.

Kwa hiyo fanya hivi. Alhamisi tarehe 27, asubuhi, siku moja kabla ya kamati, kabla ya kipindi cha kwanza, walimu wakiwa wote wamekaa, simama. Lile daftari ulishike mkononi, ukurasa ukiwa wazi pale ulipoandika namba mbili ukaikata. Useme ratiba ni yako, na dakika ulizila wewe, na chumba cha juu ulimpangia wewe wakati cha chini kilikuwepo. Uwaambie dakika saba na sekunde kumi. Useme na lile neno alilokuambia la miguu, na kwamba lilikuuma. Usiseme "ilitokea". Haikutokea, uliifanya. Kisha umrudishie penseli yake mbele ya watu hao hao waliocheka, umwombe mkae mezani pamoja mpange upya. Hayo yote uyaandike pia kwenye karatasi, uyatie sahihi, mwenyekiti wa kamati aipate siku hiyohiyo, asije akasema hakusikia.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, imefungwa. Ni ya mwalimu wa ushonaji. Usiifungue, tahajia yangu ni mbaya na haikuhusu. Alihamishwa mwaka aliozaliwa baba yako. Wewe ni mtu wa shule, unajua mafaili yanakaa wapi na nani wa kuuliza. Mtafute. Akiwa hai, impelekee. Akiwa amekufa, wape watoto wake, na watoto wasipokuwepo unirudishie mimi mwenyewe mkononi, si kwa posta.

Lakini yako kwanza. Alhamisi, kabla ile kengele yenu isiyoguswa na mtu haijalia. Ukitoka hapo, lichukue sanduku lake la vifaa, ulipandishe juu wewe.

Bibi yako